Swichi ya Eriali ya Gari la Harusi

Nilistaafu mwezi uliopita, na vijana wa gereji mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, maana gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye gereji, na sisi wengine. Nitaandika nilivyoanza, vyombo nilivyotumia, na kazi moja ndogo sana ambayo nusura iniaibishe mbele ya harusi nzima.

Niliingia gereji ya Mzee Harbans hapa Nakuru nikiwa na miaka ishirini na moja, cheti changu cha ufundi wa umeme wa magari kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Mzee Harbans alikuwa Kalasinga mnene, mzaliwa wa mji huu, mwenye kilemba cha buluu na penseli nyuma ya sikio. Hakukifungua cheti. Alinitazama mikono, halafu akaniuliza swali moja.

“Wewe unaogopa panya?”

“Siogopi, Mzee.”

“Basi anza na ile.”

Alinionyesha pikapu ya mkulima wa Njoro iliyokuwa imelala shambani msimu mzima. Taa hazikuwaka, honi haikulia, na waipa zilifanya kazi pale tu ulipokanyaga breki. Nilijikunja chini ya dashibodi nikakuta kiota cha panya na watoto wanne wekundu, wamelala juu ya vipande vya waya kama wageni wa hoteli. Niliwahamishia kwenye kopo la rangi, nikaanza kuunganisha waya mmoja mmoja. Nilimaliza siku ya tatu. Mzee Harbans akabonyeza honi, ikalia, akaniambia nirudi kesho. Nikarudi kesho kwa miaka thelathini na kitu.

Nyinyi siku hizi mna mashine inayochomekwa kwenye gari na kuwaambia ugonjwa. Mimi nilikuwa na testa niliyojitengenezea mwenyewe: balbu ya indiketa niliyoilehemia waya mbili, moja ina kibanio na nyingine ina sindano ya kushonea magunia. Nilikuwa na chuma cha kulehemu cha zamani, kile cha kichwa cha shaba kinachopashwa moto kwenye jiko la makaa. Nilikuwa pia na kioo cha poda. Watu walidhani nakibeba kwa ajili ya urembo, kumbe ni cha kuchungulia nyuma ya redio mahali kichwa hakiwezi kuingia. Wateja wakanipa jina, Mathe wa Waya, yaani mama wa waya. Jina langu ni Nyaboke, lakini nyumbani na mtaani naitwa Mama Moraa, na hilo ndilo jina ninaloitikia haraka zaidi.

Mzee Harbans alinifundisha mengi, lakini amri yake kubwa ilikuwa moja: kabla hujakata waya, ufuate mpaka mwisho wake. Si mpaka katikati. Si mpaka pale mgongo unapoanza kuuma. Mpaka mwisho. Nilitii amri hiyo kwenye magari ya wakulima, lori za maua za Naivasha, hata ambulensi moja iliyokuwa ikipiga king’ora kila ikipinda kushoto. Mara moja tu sikuitii, na hiyo ndiyo habari yangu.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2007, mvua za vuli zikiwa zimeanza kukatika. Gari jeupe la zamani liliingia uani, saluni ndefu iliyong’arishwa mpaka ukaweza kujiona meno kwenye mlango. Mwenyewe alikuwa Mzee Ng’ang’a, aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni ya reli na sasa alikuwa akifuga ng’ombe wachache pale Longonot. Mtu mrefu, mkimya, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amefuatana na binti yake Waithera, karani katika shamba moja la maua, aliyekuwa akipanga chumba Karagita. Binti ndiye aliyezungumza.

“Mama, tuna shida na eriali. Ukiwasha redio, inapanda yenyewe.”

“Hiyo si shida, mwanangu. Ndivyo ilivyotengenezwa.”

“Najua. Lakini mimi naolewa Januari.”

Nilimwangalia, nikaangalia gari, sikuona uhusiano. Waithera akacheka, akanieleza. Yeye ndiye angelipamba gari la arusi yake kwa mikono yake, kwa maua ya waridi aliyoahidiwa na wenzake kazini. Alitaka shada zito juu ya boneti, lishuke mpaka kwenye madigadi zote mbili, zile bati za juu ya magurudumu ya mbele. Na eriali ilikuwa imekaa kwenye madigadi ya kushoto, katikati kabisa ya ramani yake. Walikuwa wamefanya jaribio nyumbani. Baba alipowasha muziki, eriali ilichomoza, ikabeba shada juu kama mtu anayenyoosha mkono darasani, kisha maua yakaangukia kuku.

“Si mfunge tu redio siku hiyo?” nikauliza.

Hapo Mzee Ng’ang’a akazungumza kwa mara ya kwanza. “Redio haifungwi, Mama Moraa. Kuna kaseti.”

Alitoa kaseti mfukoni mwa ndani wa koti. Waithera na mchumba wake Kiprono walikutana katika kwaya ya kanisa moja hapa Nakuru, yeye akiimba sauti ya kwanza na kijana akiimba besi. Kwaya hiyo ilikuwa imerekodi nyimbo nane. Mzee alikuwa amefunga spika kubwa mbili na amplifaya kwenye buti, kusudi siku ya arusi gari liingie kanisani likiimba kwa sauti za watoto wenyewe. Mtu aliyezungumza maneno machache vile alikuwa ametengeneza gari la kuzungumza kwa niaba yake.

Kazi ilikuwa rahisi, na urahisi ndio ulioniponza. Eriali ya namna ile ina waya tatu. Mmoja unatoka kwenye betri na una umeme daima. Wa pili ni wa athi, unaofungwa kwenye bodi ya gari. Wa tatu, ambao mara nyingi ni wa buluu, unatoka kwenye redio: redio ikiwashwa unapeleka umeme, mota inapandisha eriali, redio ikizimwa umeme unakatika, eriali inashuka. Kwa hiyo unaukata ule wa buluu, unaweka swichi katikati. Swichi ikizimwa, eriali inabaki chini hata redio ikiwaka. Nilitoa redio, nikauona waya wa buluu umetoka mgongoni mwake, nikaukata papo hapo. Swichi ndogo nyeusi nikaitobolea nafasi kando ya kisahani cha majivu, nikakaza.

Halafu nikajaribu. Nilipunguza sauti ya redio mpaka mwisho ili nisikie vizuri mota ya eriali. Nikawasha swichi: vuuum, ikapanda. Nikazima: vuuum, ikashuka, ikatulia, na taa ya redio bado inawaka. Waithera akapiga makofi. Mzee Ng’ang’a akanipa mkono. Nami nikajisikia fundi.

Januari haikuwa ya arusi. Nyinyi wengine mlikuwa wadogo, lakini mnajua ghasia za kikabila zilizotokea baada ya uchaguzi ule wa Desemba. Gereji ilifungwa wiki kadhaa. Uani kwa Mzee Harbans walilala watu waliokimbia makwao, wa lugha hii na wa lugha ile, wakipikiana uji. Nyumba ya dada yake Mzee Ng’ang’a ilichomwa. Huko upande wa Molo, ghala la viazi la Mzee Koskei, baba yake Kiprono, nalo lilichomwa. Hao wawili hawakuwa wamekoseana chochote, lakini kila mmoja aliogopa kumpigia mwenzake simu, kwa sababu hakujua neno la kuanza nalo. Kwaya ikatawanyika. Arusi ikaahirishwa bila mtu kutangaza kwamba imeahirishwa.

Mwezi wa nne Mzee Ng’ang’a alikuja kubadilisha balbu ya taa ya nyuma. Nilipomaliza nilimkuta ameketi ndani ya gari, milango imefungwa, eriali iko juu, anasikiliza kaseti ile. Nilimwachia wimbo uishe.

“Nikutolee ile swichi?” nikamuuliza kwa upole. “Kama haina kazi tena.”

“Wacha ikae,” akasema.

Aliporudi tena, Julai ilikuwa imefika, na mara hii alishuka garini akicheka peke yake. Mama yake Kiprono alikuwa amepanda gari kutoka Molo mpaka Longonot bila kumwambia mtu, mgongoni mwa pikipiki akamalizia njia, na gunia la viazi nyuma yake. Alifika, akakalishwa, akapewa chai, hakuinywa.

“Akaniuliza, ‘Baba Waithera, mimi nimekuja kuuliza arusi ni lini. Hawa watoto wanapigiana simu kila siku, na sisi wazee ndio tumenyamaza.’” Mzee Ng’ang’a akapangusa macho kwa kiganja. “Nilikuwa nimejitayarishia maneno miezi saba, Mama Moraa. Yeye alikuja na gunia la viazi.”

Arusi ikapangwa Septemba, na mimi nikaalikwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge lililopigwa wanga mpaka likawa linasimama peke yake. Ibada ilikuwa saa tano. Saa mbili na nusu simu yangu ikalia.

“Mama Moraa,” ilikuwa sauti ya Mzee Ng’ang’a, “tuko njiani, hapa Kikopey. Gari limekuwa bubu.”

“Bubu namna gani?”

“Nikizima swichi yako, eriali iko chini, maua yako sawa, lakini muziki hakuna. Nikiwasha swichi, muziki upo, lakini eriali inapanda inang’oa maua. Waithera analia.”

Niliketi kitandani, nikaona kosa langu kama mtu aliyewashiwa taa. Miezi yote hiyo mzee alikuwa ameiacha swichi ikiwa imewashwa, eriali juu, kwa hiyo hakujua. Nami siku ile nilijaribu sauti ikiwa imepunguzwa mpaka mwisho.

Nilikimbilia kwa Mzee Harbans, jirani yetu mtaa wa pili. Siku hizo alikuwa amekwisha kuniachia kazi zote za waya, yeye akishinda nyumbani na magazeti. Alitoa pikapu yake bila kuvaa koti. Tulikuwa tumepita njia ya Elementaita ndipo akaniuliza, macho yakiwa barabarani:

“Ule waya wa buluu. Uliufuata mpaka wapi?”

“Mpaka nyuma ya redio.”

“Huo ni mwanzo, Nyaboke. Sio mwisho.”

Akaongeza mwendo tu.

Tuliwakuta mbele ya bucha moja, magari manne yamepambwa, moshi wa nyama choma unapita juu ya wasimamizi wa bibi arusi. Lile gari jeupe lilikuwa zuri mno. Waridi za rangi ya pichi na nyeupe zilifunika boneti yote, isipokuwa upande wa kushoto, ambako shada lilikuwa limepasuka. Waithera alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya shela lake, anajaribu kulifunga upya kwa uzi.

“Mama, tuache muziki au tuache maua?” akaniuliza.

“Hatuachi kitu,” nikamwambia. “Wewe shona maua. Mimi nitashona waya.”

Mwenye bucha, jamaa mfupi mwenye aproni, alinitandikia boksi la kadibodi kwenye sakafu ya gari nipate pa kupiga magoti. Wanga wa kitenge ukalia kra. Nikatoa redio, nikaingiza kioo cha poda, na mara hii nikaufuata ule waya wa buluu kama nilivyofundishwa. Ulitoka kwenye redio, ukaenda kiganja kimoja, halafu ukagawanyika: tawi moja lilielekea kwenye madigadi, kwenye eriali, na tawi la pili likashuka chini ya zulia kuelekea kwenye buti. Kwenye amplifaya. Waya uleule unaoiambia eriali ipande ndio unaoiambia amplifaya iamke. Mimi nilikuwa nimekata shina, kwa hiyo kila nikizima eriali nilikuwa naizima na amplifaya pia. Ilitakiwa nikate tawi la eriali peke yake, baada ya maungio.

Nilihitaji kulehemu. Chuma changu nilikuwa nacho, jiko sikuwa nalo. Nikatoa kichwa nje.

“Boss, naomba nafasi kwenye makaa yako.”

Mwenye bucha akakitazama kile chuma, akakipokea kwa heshima yote, akasogeza mbavu za mbuzi kando, akakilaza katikati ya moto. “Kiive namna gani, mathe?”

“Kiive sana.”

Kilipokuwa tayari akakileta mbio juu ya sinia. Nikaunganisha shina lilivyokuwa zamani, nikalehemu, nikafunga tepu. Mzee Harbans, kwa miaka yake sabini na zaidi, alikuwa amelala chali upande wa abiria akinishikia tochi, kilemba kimegusa pedali. Nikakata tawi la eriali, nikaleta waya za swichi pale, nikalehemu tena. Lehemu ilinukia mafuta ya mbuzi. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo nafurahi.

“Mzee, weka kaseti,” nikamwambia Mzee Ng’ang’a. “Na usipunguze sauti.”

Akaweka. Kwa sekunde mbili hakukuwa na kitu. Kisha buti likapasuka kwa sauti: kwanza besi, halafu za kwanza, halafu wote. Eriali ilibaki ndani, kimya kama kibarua aliyepewa likizo. Hakuna ua lililotikisika. Waithera alitupa uzi juu. Wasimamizi wakaanza kucheza kwenye changarawe, mwenye bucha naye akacheza, kisu kikiwa bado mkononi, mpaka mkewe akamnyang’anya. Mzee Harbans alitoka chini ya dashibodi akiwa na vumbi mpaka nyusi.

“Sasa umefika mwisho,” akaniambia, akanipangusa masizi shavuni kwa leso yake.

Tulifika kanisani dakika chache baada ya saa tano. Familia ya Kiprono ilikuwa imesimama upande mmoja wa lango, na wageni wetu wa bibi arusi waliotangulia upande wa pili, katikati kuna nafasi ambayo lori lingeweza kupita. Watu walisalimiana kwa vichwa tu. Nilikuwa kwenye pikapu, nyuma ya lile gari jeupe, nikaona Mzee Ng’ang’a anapunguza mwendo na kuongeza sauti.

Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, mama yake Kiprono akadakia sauti ya pili. Alikuwa anaijua kaseti ile neno kwa neno. Shangazi mmoja wa upande wetu akajiunga naye. Halafu nikawatambua wanakwaya, mmoja huku, wawili kule, watu waliokuwa hawajaonana tangu Desemba, kila mmoja akiimba sehemu yake na kusogea ili amsikie mwenzake. Gari lilipofika mlangoni ile nafasi ya katikati ilikuwa imejaa watu, na dereva wa pikapu yetu, Mzee Harbans, alilazimika kupiga honi ili wampishe. Waithera alishuka akicheka na kulia. Kiprono alisahau alichofundishwa na kasisi, akaja kumpokea mbio.

Baada ya ibada, watu wakipiga picha, niliwaona baba wawili wamesimama kando ya gari. Mzee Koskei alikuwa mkulima mpana, mikono nyuma, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Hawakuwa wamezungumza bado. Waliyatazama maua kama watu wanaokagua mnada.

“Muthoni,” akaanza Mzee Koskei. Hilo ni neno la Kikuyu la kumwita mkwe, na alilitamka kwa shida, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani.

“Chamgei,” akajibu Mzee Ng’ang’a, naye kwa salamu ya Kikalenjin ya kuazima.

Kila mmoja alikuwa amemaliza akiba yake ya lugha ya mwenzake. Kisha Mzee Koskei akainama kuchungulia kwenye madigadi.

“Nimesikia kuna eriali humu ndani. Kijana wangu ameniambia fundi amekuja mpaka Kikopey kwa sababu yake. Iko wapi?”

“Iko. Imejificha.”

“Inatoka?”

Mzee Ng’ang’a akafungua mlango, akaketi, akawasha redio, akamwonyesha swichi ndogo kando ya kisahani cha majivu. “Bonyeza wewe.”

Mzee Koskei aliingiza mkono wake mkubwa kupitia dirishani, akabonyeza kwa kidole kimoja. Vuuum. Eriali ikachomoza katikati ya waridi, ikapanda taratibu, na juu kabisa ya ncha yake lilikaa ua moja la pichi. Mzee Koskei alivua kofia. Akabonyeza tena, ua likashuka. Akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, na Mzee Ng’ang’a, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, akalaza paji la uso kwenye usukani, mabega yanaruka.

“Tena,” akasema Mzee Ng’ang’a.

Ikapanda. Ikashuka. Petali zikaanza kudondoka kwenye viatu vyao.

“Baba! Maua yangu!” Waithera akapiga kelele kutoka kwenye ngazi za kanisa.

Nami, kwa kuwa kazi ni kazi hata siku ya arusi, niliwasogelea nikawaambia wawashe injini kwanza, wasije wakamaliza betri. Hawakunisikia. Mzee Koskei alikuwa amekwisha kuzunguka upande wa pili, amefungua mlango, ameketi kando ya mkwe wake, na sasa ilikuwa zamu yake tena.